Mabinti Wanne wa Nyumba ya Makioka

Usiku huu tumekusudia kuzungumza nanyi habari za hadithi moja ndefu itokayo Japani. Nchi hiyo i mbali nasi, lakini mambo yasimuliwayo humo hayako mbali hata kidogo. Ni habari za ndugu wanne wa kike, waliozaliwa katika nyumba iliyokuwa na mali na jina, wakabakiwa na jina baada ya mali kupungua. Walipendana sana, tena walishindana. Na jambo tutakalo kulitazama pamoja nanyi ni hili: mashindano yao yalitoka wapi, na ni nani aliyelipa gharama yake.

Mtungaji wa hadithi hii aliitwa Tanizaki Junichiro. Alizaliwa Tokyo mwaka 1886 akafariki mwaka 1965. Baada ya tetemeko kubwa la nchi la mwaka 1923 alihamia upande wa magharibi, zilipo Osaka, Kobe na Kyoto, akazipenda desturi za watu wa huko kuliko za mji wake mwenyewe. Mke wake wa tatu, Bibi Matsuko, alitoka katika jamaa ya wafanya biashara wa Osaka, naye alikuwa na ndugu wa kike. Kwao hao Tanizaki alijifunza maneno yao, mavazi yao, maradhi yao na ugomvi wao mdogo mdogo, akayatia kitabuni. Kwa Kijapani kitabu chaitwa *Sasameyuki*, maana yake theluji nyepesi inyeshayo kwa punje ndogo. Kilifasiriwa kwa Kiingereza na Edward Seidensticker, kikatoka mwaka 1957 kwa jina la *The Makioka Sisters*.

Yafaa kwanza tuseme jinsi kitabu chenyewe kilivyopata taabu. Sehemu zake za kwanza zilichapishwa mwaka 1943 katika gazeti la Chuo Koron, wakati Japani ilipokuwa katika vita vikuu. Baada ya sehemu mbili tu wakuu wa jeshi walizuia. Waliona si halali, wakati taifa linapopigana, watu wasomeshwe habari za wanawake wanaochagua mishipi ya kimono na kwenda kutazama maua. Tanizaki hakuacha. Mwaka 1944 alichapa nakala chache za sehemu ya kwanza kwa fedha zake ili kuwagawia rafiki zake, na hilo nalo likakatazwa. Akaendelea kuandika kimya kimya, mabomu yakianguka mijini, hata vita vilipokwisha ndipo kitabu kilipotoka kwa mafungu matatu, tangu 1946 hata 1948. Basi hadithi inayoonekana kuwa ya mambo madogo ya nyumbani iliwatia watawala hofu. Huenda walitambua kwamba atakaye kuijua nchi, na aingie nyumbani asikilize.

Sasa na tuingie nyumbani mwenyewe. Hadithi yaanza mwaka 1936. Mzee Makioka, baba wa mabinti hawa, alikuwa mfanya biashara mkubwa wa Osaka. Alipenda anasa, akatumia pasipo kuhesabu, na kabla hajafa biashara yake ilikuwa imekwisha kulegea. Hakuwa na mtoto wa kiume. Kwa desturi ya Japani mtu wa namna hiyo aliweza kumwoza binti yake kwa kijana aliyekubali kuliacha jina la kwao, akatwaa jina la mkewe na kuwa mwana wa nyumba ile. Hivyo ndivyo alivyofanya Mzee Makioka. Binti wa kwanza, Tsuruko, aliolewa na Tatsuo, mtu wa benki. Wa pili, Sachiko, aliolewa na Teinosuke, mhasibu mpole apendaye kutunga mashairi. Wakwe wote wawili wakawa akina Makioka.

Tatsuo, akiwa mume wa binti mkubwa, ndiye aliyerithi ukuu wa nyumba. Nyumba yake ikaitwa nyumba kuu. Nyumba ya Sachiko, iliyokuwa Ashiya kati ya Osaka na Kobe, ikawa tawi. Wala haya hayakuwa mazoea matupu. Sheria ya Japani ya mwaka 1898 ilimpa mkuu wa nyumba mamlaka juu ya jamaa zake: ndiye aliyetoa idhini ya kuoa na kuolewa, na ndiye aliyeweza kuagiza mtu akae wapi. Kwa hiyo mabinti wawili waliosalia, Yukiko na Taeko, walikuwa chini ya shemeji yao, mtu asiye wa damu yao, ambaye baada ya kifo cha baba yao aliona afadhali duka la zamani liende mikononi mwa mtu mwingine kuliko kulichukua mwenyewe, akarudi zake benki. Jambo hilo wadogo hawa hawakulisahau.

Sasa twawaeleza ndugu hawa mmoja mmoja. Tsuruko, kifungua mimba, ana watoto sita na mshahara wa mumewe hautoshi. Amezama katika kazi za nyumba hata hana nafasi ya kuwafikiria wadogo zake. Sachiko ana mtoto mmoja wa kike, Etsuko. Ni mwenye huruma, huugua haraka, hulia haraka, na kila mtu humwendea na shida zake. Yukiko, wa tatu, ndiye mzuri kuliko wote kwa namna ya kale: mwembamba, mtulivu, havai ila kimono, na sauti yake haisikiki nje ya chumba. Taeko, kitinda mimba, huvaa nguo za kizungu, hutengeneza wanasesere wa kuuza, amepanga chumba chake cha kazi, na akiba yake ameichuma kwa mikono yake mwenyewe.

Desturi iliyofunga fundo la hadithi ni hii: mdogo haolewi kabla ya mkubwa wake. Msikilizaji aliyelelewa katika nyumba yenye desturi kama hiyo hatahitaji mfasiri. Yukiko amekwisha timiza umri wa miaka 30 kwa hesabu ya Kijapani, naye hajaolewa. Posa nyingi zilikuja zamani, nyumba ikazikataa kwa majivuno: huyu hana jina, yule hana elimu, mwingine kwao ni shamba. Wakaendelea kukataa kana kwamba mali ya baba ingaliko. Hata siku moja wakaamka, wakaona washenga wamepungua mlangoni. Na Taeko, aliyekwisha pata mchumba wake, yu nyuma ya mgongo wa dada yake, akingoja zamu.

Taeko alipokuwa binti wa miaka 19 alichoka kungoja. Alitoroka na kijana aitwaye Okubata, mtoto wa jamaa moja yenye duka la vito na vyombo vya thamani mjini Osaka. Walitafutwa, wakarudishwa makwao. Lakini gazeti moja dogo lilipata habari, likachapa. Tena likakosea, likaandika jina la Yukiko mahali pa jina la Taeko. Tatsuo, kwa bidii ya mkuu wa nyumba, alilitaka gazeti lisahihishe. Gazeti likasahihisha kwa kuchapa jina la Taeko. Matokeo yake ni kwamba watu wasioisoma habari ya kwanza waliisoma ya pili, na majina mawili yakachafuka badala ya moja.

Hapa twaomba msikilizaji atue kidogo. Hapa pana ndugu wawili, wala hapana hata mmoja aliyemtakia mwenziwe mabaya. Yukiko hakupenda kuwa kizuizi. Taeko hakukusudia kumtia dada yake aibu. Lakini desturi imewaweka katika njia nyembamba isiyopitisha watu wawili. Kila mwezi ambao Yukiko hajaolewa ni mwezi unaotwaliwa katika ujana wa Taeko. Na kila neno linenwalo juu ya Taeko ni mchumba mmoja anayemkimbia Yukiko. Hivyo wakawa washindani pasipo kutaka. Wahenga hunena kwamba vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana. Lakini yafaa tuulize pia ni nani aliyevipanga katika rafu nyembamba namna hiyo.

Posa za Yukiko ndizo uti wa mgongo wa kitabu. Kwa desturi yao, mshenga huandaa mkutano ambamo mwanamume na mwanamke huonana mbele ya jamaa zao, wakala pamoja, wakapimana kwa macho. Kabla na baada ya mkutano pande zote mbili hupeleleza: maradhi ya ukoo, madeni, tabia, hata maneno ya majirani. Mwanamume wa kwanza, Segoshi, alionekana anafaa. Lakini upelelezi ukafunua kwamba mama yake ana ugonjwa wa akili, posa ikavunjika. Wa pili, Nomura, alikuwa mtu mzima aliyefiwa na mke na watoto. Aliwachukua wageni nyumbani kwake, akawaonyesha madhabahu yenye picha za marehemu wake. Yukiko alikataa. Mtu asiyejua kumsitiri mchumba na picha hizo, aliona, hawezi kuufahamu moyo wa mwanamke.

Wa tatu, Sawazaki, alikuwa tajiri. Walialikwa shamba, wakaenda usiku kutazama vimulimuli kando ya mifereji ya maji, jambo la kupendeza sana. Na kisha Sawazaki akawakataa wao. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nyumba ya Makioka kukataliwa. Wa nne, Hashidera, alikuwa mtu mwema kuliko wote waliotangulia. Siku moja alipiga simu mwenyewe kumwalika Yukiko watembee pamoja. Yukiko aliona haya, akakawia kuja kwenye simu, na alipokuja akatoa maneno yasiyokamilika. Hashidera aliudhika, akavunja shauri lote. Kule kunyamaza ambako kwa zamani kulikuwa pambo la mwanamwali, sasa kumekuwa kosa. Dunia ilikuwa imegeuka, wala hakuna aliyemwarifu Yukiko.

Wakati huo Taeko naye hakukaa kitako. Alijifunza kushona nguo za kizungu, akataka kwenda Ufaransa kuikamilisha kazi hiyo. Alidai kwamba baba yao aliacha fedha kwa ajili ya arusi yake, zipo katika mikono ya Tatsuo, na ya kuwa apewe sasa azitumie kwa safari. Tatsuo akajibu kwamba hana amana ya namna hiyo, tena hapendi kusikia binti wa Makioka akiitwa mwanamke wa kazi. Ndugu zetu, aibu ilikuwa kufanya kazi. Kukaa bila kazi na kula akiba inayokwisha haikuwa aibu! Maneno hayo huenda yakachekesha leo, lakini nyumba nyingi zilizokuwa na jina zimeangamia kwa maneno kama hayo.

Mwezi Julai mwaka 1938 mvua kubwa ilinyesha katika nchi ya Kobe, mito ikashuka milimani na mawe na magogo, watu wengi wakafa. Mafuriko hayo ni kweli, na Tanizaki ameyaeleza kwa namna ambayo msomaji husikia baridi ya maji miguuni. Taeko alizuiwa na maji katika nyumba ya mwalimu wake wa ushoni. Shemeji yake Teinosuke alitoka Ashiya kumtafuta, akipita katika tope na mkondo. Okubata, yule mpenzi wa kale, alifika nyumbani Ashiya akiwa amevaa suti safi, akauliza habari za Taeko, lakini hakutaka kuzitia nguo zake matopeni. Aliyemwokoa Taeko ni Itakura, mpiga picha, ambaye zamani alikuwa kijana wa kazi katika duka la akina Okubata. Alipigana na maji mpaka akamfikia, akamtoa.

Tangu siku hiyo Taeko alimpenda Itakura. Na hapa ndipo nyumba ilipojifunua. Sachiko, mpole na mwenye huruma, aliyekuwa akishukuru sana kwa wokovu wa mdogo wake, hakuweza kuvumilia kwamba mwokozi huyo awe shemeji yake, kwa kuwa kwao ni wakulima na elimu yake ni ndogo. Yukiko, aliyenyamaza katika mambo yote, hakunyamaza katika hili: alisema waziwazi kwamba hampendi Itakura awe mtu wa jamaa yao. Kisha Itakura akapasuliwa sikio, sumu ikaingia mwilini, wakamkata mguu, akafa kwa uchungu mwingi. Tanizaki asema kwamba Sachiko aliposikia, kabla ya huzuni kumfika alihisi amepumua, kwani tatizo limeondoka. Kisha akaona haya kwa kuhisi hivyo. Katika kitabu chote hapana mahali pa kutisha kuliko hapo. Si kwamba Sachiko ni mbaya. Ni kwamba mtu mwema naye, akiitumikia heshima ya ukoo kwa muda mrefu, aweza kufika mahali ambapo kifo cha mtu asiye na hatia humpa nafuu.

Sasa na tutazame jinsi vyeo vya nyumbani vilivyogeuka. Mwaka 1937 Tatsuo alipandishwa cheo katika benki, akahamia Tokyo na mkewe na watoto wao. Mabinti wasioolewa walitakiwa kwa desturi wakae chini ya nyumba kuu. Yukiko akatii, akaenda, akakonda kwa huzuni katika nyumba iliyosongamana watoto; na kila ilipotokea sababu akarudi Ashiya. Taeko hakwenda. Wakuu wakabaki kutuma barua. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na amri itokayo Tokyo haikuweza kulisha, kutibu, wala kuoza mtu Ashiya. Kazi yote ya uzazi ilimwangukia Sachiko, aliye wa pili kwa kuzaliwa, na mumewe Teinosuke. Wao ndio waliopokea washenga, wao ndio waliolipa gharama za safari na karamu, wao ndio waliokesha. Lakini neno la mwisho lilikuwa bado la nyumba kuu. Mzigo uko kwa mmoja, cheo kiko kwa mwingine: hali hiyo haijapata kudumu katika nyumba yo yote bila uchungu.

Na si huko tu. Etsuko, mtoto wa Sachiko, alishikamana na mama yake mdogo Yukiko zaidi ya mama aliyemzaa, maana Yukiko ndiye aliyelala naye, aliyemuuguza homa, aliyemsaidia masomo. Yule aliyeonekana hana kazi duniani, kumbe alikuwa mama bila kuitwa mama. Taeko naye, aliye wa mwisho, ndiye pekee kati ya wanne aliyejua fedha hupatikanaje kwa kazi ya mikono. Mtu akiwapanga ndugu hawa kwa umri hupata hesabu moja. Akiwapanga kwa kazi wanayoifanya hupata hesabu nyingine kabisa.

Baada ya kifo cha Itakura, Taeko alirudiana na Okubata, lakini si kwa mapenzi. Nyumba kuu ikatoa agizo kwamba aje Tokyo, la sivyo ahesabiwe si mtu wao. Sachiko hakuwa na budi kumtoa Taeko katika nyumba ya Ashiya. Kisha Taeko akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu akiwa nyumbani kwa Okubata, akawa mahututi. Ni nani aliyekwenda kumuuguza? Ni Yukiko. Yule aliyepoteza wachumba kwa ajili ya jina la Taeko ndiye aliyekaa kando ya kitanda chake usiku na mchana, asichukie harufu wala asiogope kuambukizwa. Na huyo huyo Yukiko, Taeko alipokwisha pona na ikadhihirika kwamba kwa muda mrefu alikuwa akila mali ya Okubata, ndiye aliyemkemea kwa maneno makali ambayo hapana aliyedhani yangetoka kinywani mwake. Upendo na uchungu vilikuwa katika kifua kimoja. Atakaye kuwagawa ndugu hawa, huyu mwema yule mbaya, kitabu hiki hakitamsaidia.

Wako wasomaji wasemao kwamba Taeko alistahili yaliyompata. Twakubali kwamba hakuwa mkweli. Alimdanganya Okubata, akapokea vitu vya thamani vilivyotolewa kwa siri katika duka la akina Okubata, akawaficha dada zake mambo mengi. Twakubali hayo yote, lakini twauliza: ni mlango gani uliokuwa wazi kwake? Alipotaka kuolewa mapema aliambiwa angoje. Alipotaka kujitegemea aliambiwa ni aibu. Alipompenda mtu aliyemwokoa katika maji, aliambiwa kwao ni wadogo. Anayefungiwa milango yote hupita dirishani, na wenyeji wakamwita mwizi.

Mwisho wa hadithi ni mwaka 1941. Mchumba wa tano akapatikana kwa Yukiko, Mimaki, mtoto wa nje wa bwana mmoja wa ukoo mkubwa, mtu aliyepata kukaa Ufaransa na Marekani, mcheshi, asiye na kazi ya hakika. Wakati shauri hilo likiendelea, Taeko alikuwa na mimba ya mtu aitwaye Miyoshi, mtumishi wa baa mjini Kobe. Dada zake wakamficha katika mji wa Arima, mbali na macho ya watu, ili posa ya Yukiko isiharibike. Mtoto wa Taeko akafa katika kuzaliwa. Hivyo ndugu wawili walifika mwisho wa safari yao mwaka mmoja: mmoja aliandaliwa arusi katika hoteli kubwa ya Tokyo, mavazi yakapangwa chumbani hata yakajaa, mwingine alikuja nyumbani kimya, akachukua vitu vyake vichache, akaenda kukaa na Miyoshi katika vyumba vya kupanga.

Msomaji angetaka angalau Yukiko afurahi. Tanizaki hakumpa furaha hiyo. Yukiko aliyatazama mavazi ya arusi akaona afadhali yangekuwa ya kitu kingine, na katika gari la moshi liendalo Tokyo tumbo lake likawa linamharisha njia nzima. Hapo ndipo kitabu kinapokoma. Aliyeshinda mashindano hakujua ameshinda nini.

Yako mambo mawili ya nje ya kitabu yafaayo kukumbukwa. Jambo la kwanza, Katiba mpya ya Japani, iliyoanza kutumika tarehe 3 Mei 1947, ilisema kwamba ndoa itasimama juu ya ridhaa ya mume na mke tu, na kwamba wote wawili wana haki sawa. Jambo la pili, sheria ya nyumba ilibadilishwa kufuata katiba hiyo, na tangu Januari 1948 mamlaka ya mkuu wa nyumba juu ya ndoa na makazi ya jamaa zake yakaondolewa. Mwaka huo huo ndio uliotoka fungu la mwisho la *Sasameyuki*. Tanizaki aliandika habari za nyumba ya kale kwa mapenzi makubwa, maua yake, ngoma zake, adabu zake. Na alipoweka kalamu chini, nyumba hiyo haikuwamo tena katika sheria. Lakini sheria hufutwa kwa siku moja, na mazoea ya moyo huchukua muda. Ndiyo sababu kitabu kingali kinasomwa, na mwaka 1983 kikafanywa filamu na Ichikawa Kon.

Tumalizie kwa neno moja tulilolipata sisi wenyewe katika kusoma. Ndugu wakishindana, wazazi na wakubwa hupenda kuwaambia: acheni wivu, pendaneni. Mabinti wa Makioka hawakupungukiwa na upendo. Walipungukiwa na nafasi. Walitakiwa wapite mmoja mmoja katika mlango mmoja, na anayekawia humzuia wa nyuma yake, na anayesukuma humwaibisha wa mbele yake. Mkubwa wa nyumba atakaye amani kati ya watoto wake, pamoja na kuwaonya, na atazame milango ameijenga mingapi. Tena na atazame ni nani achukuaye mzigo wa nyumba kwa kweli, amwite kwa jina la kazi yake, asingoje mpaka kaburini ndipo amshukuru.

Wasikilizaji wetu, hayo ndiyo tuliyokuwa nayo usiku huu. Anayeweza kukipata kitabu hiki katika maktaba, akisome polepole, maana ni kirefu, na mengi ya uzuri wake yamo katika mambo madogo. Na mwenye dada au mdogo wake aliyekaa naye siku nyingi pasipo kusemezana, huenda akafunga kitabu akaandika barua.